Fundi wa Uvira na darubini ya muzee wa Ohio

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yake saa tisa za usiku, kule Ohio, Amerika. Musenyi, nchini Burundi, ilikuwa saa tatu za asubuhi na jua limekwisha kupanda. Sauti ilikuwa ya dada yake mkubwa, na nyuma yake watoto walikuwa wakigombania ndoo.

"Mdogo wangu, watoto wamenionyesha picha. Bunduki iko juu ya meza yako. Kila mwezi unatutumia makuta, nasi tunakula. Sasa niambie: tunakula masasi?"

Aliusikiliza mara tatu, kisha akakaa kitandani mpaka kukacha.

Jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu familia yake bado iko njiani. Ni mtu wa Uvira, amepita miaka hamsini, na kazi yake ni vyuma. Alijifunza katika garaji moja karibu na bandari ya Kalundu, wakati mashua za injini zilipokuwa zikileta mahindi na samaki, na mafundi wake hawakosi kazi. Picha aliyoiona dada yake ilikuwa imewekwa na binti wa fundi huyo kwenye WhatsApp, na maneno mawili chini yake: Baba kazini. Ni kweli, kulikuwa na bunduki mezani. Maelezo yake ni marefu kuliko picha.

Mwaka 1998, vita vilipoanza tena, alitembea kwa miguu kutoka Uvira hadi Baraka, na kutoka huko akapanda mashua ya usiku kuelekea Kigoma. Masasi yalianguka majini pande zote mbili kama mtu anayetupa changarawe. Walioingia mashuani walikuwa kumi na mmoja. Walioshuka upande wa Tanzania walikuwa kumi. Zaidi ya hapo haongezi neno, na wanaomfahamu hawamuulizi. Alikaa Nyarugusu miaka kumi na minane. Aliwatengenezea watu baiskeli, akaoa, akazaa, kisha familia ikapelekwa Amerika. Katika miaka hiyo yote alikuwa na sharti moja: mkono wake hautagusa bunduki, hata ya askari aliyemwomba amshikie kidogo afunge kamba ya kiatu.

Kule Ohio alipata kazi katika karakana ndogo inayochonga vipuri vya pampu za maji na vya mashini za mashambani. Mwenye karakana ana baba yake, muzee wa miaka sabini na minane, ambaye huja kila Ijumaa kunywa kahawa na kuwasumbua vijana kwa hadithi. Ijumaa moja muzee alikuja na kifuko kidogo. Alimwaga vitu mezani: darubini ndefu nyeusi, pete mbili za chuma, reli fupi, visi saba, na vipande vya bati vyembamba vilivyokatwa kwa mkasi kutoka kopo la soda.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu kwetu mtu akisikia darubini juu ya bunduki hafikirii mchezo. Ana haki. Lakini mchezo huo upo, na ni wa zamani. Uingereza wanaushindania Bisley tangu mwaka 1890, na Ohio kuna uwanja unaoitwa Camp Perry, ambako mashindano yalianza mwaka 1907. Watu hulala kifudifudi juu ya mkeka na kupiga karatasi iliyo umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914. Chini ya karatasi kuna shimo refu ambamo watu hujificha, wakiishusha baada ya kila risasi, wakiweka alama na kuipandisha tena. Zamani wengi walilenga kwa jicho tupu kupitia tundu dogo. Kisha huko Kanada, mpigaji aliyeitwa George Farquharson, ambaye macho na mwili wake vilikuwa vimechoka kwa uzee, aliomba wazee wa namna yake waruhusiwe kutumia darubini na kuegemeza bunduki. Kundi hilo likapewa herufi ya kwanza ya jina lake, F, na leo lina wachezaji nchi nyingi, vijana kwa wazee. Muzee wa Ohio ni wa kundi hilo. Macho yake hayaoni tena ile tundu.

Shida yake ilikuwa hii. Risasi haiendi moja kwa moja kama watu wanavyodhani. Inaanguka tangu inapotoka mdomoni mwa bunduki, kama jiwe lililotupwa. Risasi ya kawaida ya milimita 7.62 ya mashindano, ikiwa bunduki imelengwa sawasawa kwa yadi 100, huwa imeshuka karibu mita 10 inapofika yadi 1,000. Hutumia zaidi ya sekunde moja na nusu njiani, na upepo mdogo wa ubavuni unaweza kuihamisha zaidi ya mita mbili. Kwa hiyo mpigaji huzungusha kifungo kilicho juu ya darubini ili msalaba wa ndani ushuke, naye ainue mdomo wa bunduki kidogo.

Kipimo cha kuinua huko ni dakika, ingawa hakihusiani na saa. Ukiigawa digrii moja vipande 60, kila kipande ni dakika. Kwa yadi 1,000 muzee alihitaji dakika kama 38. Darubini yake ilikuwa na dakika 60 kwa jumla, yaani 30 kwenda juu na 30 kwenda chini. Alizungusha kifungo mpaka kikagoma, na risasi zikawa bado zinachimba udongo chini ya karatasi. Ndiyo sababu ya bati la kopo. Alitaka kuinua sehemu ya nyuma ya darubini, kwa hiyo akaweka vipande vinne chini ya pete ya nyuma, akaongeza viwili, akakaza visi kwa nguvu zake zote.

Risasi zilifika. Lakini hazikufika mahali pamoja. Asubuhi zinakwenda huku, jua likiwaka zinakwenda kule. Muzee alilaumu baruti, akalaumu upepo, mwishowe akalaumu darubini, na alikuwa karibu kununua nyingine kwa makuta mengi.

Fundi wetu alikuwa upande wa pili wa chumba akifuta mafuta mikononi. Aliona vile vipande vya bati, akacheka peke yake. Unene wa bati la kopo la soda ni sehemu ya kumi ya milimita, sawa na wembe. Na wembe ndicho kipimo alichofundishwa nacho Kalundu.

Anayejua mashua ataelewa upesi. Injini iko hapa, panga la majini liko kule nyuma, na kati yao kuna mti mrefu wa chuma unaozunguka. Injini isipokaa kwenye mstari mmoja na ule mti, mashua inatetemeka, maji yanaingia pale mti unapotokea, na baada ya miezi michache chuma kinakula chuma. Bwana wake wa Kalundu alikuwa akiingiza wembe kati ya sahani mbili za kuunganishia, juu, chini, kushoto, kulia. Wembe ukipita upande mmoja na kukataa mwingine, unaweka kipande cha bati chini ya mguu wa injini na kuanza tena. Vijana walikuwa wakichoka, wakitaka kukaza tu visi. Bwana wake aliwapiga vidole kwa spana, kwani visi havinyooshi kitu. Vinalazimisha tu.

Muzee alikuwa amefanya kosa hilo hilo. Ukiinua pete ya nyuma peke yake, pete mbili haziko tena kwenye mstari mmoja. Moja inatazama juu kidogo, nyingine imebaki chini, na bomba la darubini linapita katikati yao likiwa limepinda. Kulipindua lisimame sawa huwezi, maana visi vimelishika. Jua likipasha chuma, lile bomba linajinyoosha kidogo, jioni linarudi. Lilikuwa tayari na alama mbili za kubanwa, kama mkono uliofungwa kamba.

Alitaka kunyamaza. Alirudi kwenye pampu yake, akachonga kipande kimoja, akakiharibu. Kisha akaenda akamwambia muzee, kwa Kiingereza chake kifupi, kwamba kosa haliko kwenye darubini. Kinachotakiwa ni kuinamisha reli nzima, ile ambayo pete zote mbili zinakaa juu yake, ili pete zipande pamoja na zibaki kwenye mstari mmoja. Muzee akauliza: utanifanyia? Fundi akajibu kwamba atafanya reli, lakini bunduki isije.

Hesabu yenyewe ni ndogo hata inashangaza. Reli ilikuwa na urefu wa sentimita 13. Ili iiname dakika 20, upande wa nyuma unapaswa kuzidi ule wa mbele kwa robo tatu za milimita tu, unene wa nyembe saba na kidogo zikilaliana. Hizo nyembe saba, mita 914 mbele, zinainua risasi zaidi ya mita tano. Mbona isiwe dakika 40, ukimaliza kabisa? Kwa sababu darubini lazima iweze bado kurudi chini na kulenga yadi 100. Kwa reli ya 20, muzee angekuwa na dakika 50 za kwenda juu badala ya 30, na 10 za kwenda chini. Zinatosha pande zote mbili.

Alichonga reli mpya kutoka kipande cha chuma, saa za jioni baada ya kazi, akiondoa upande wa mbele kidogo kidogo. Aliharibu ya kwanza. Ya pili ilikaa. Lakini reli inapaswa kulala juu ya mgongo wa bunduki yenyewe, na kila mgongo una uvimbe wake mdogo ambao jicho halioni. Huwezi kuupima kwa maneno ya muzee.

Bunduki ikaja. Komeo lake lilitolewa na kufungiwa garini, hakukuwa na risasi hata moja ndani ya nyumba, na mdomo ulielekezwa ukutani. Hata hivyo alisimama mlangoni muda mrefu. Muzee hakumharakisha. Alitoka nje, akakaa kwenye ndoo, akavuta sigara aliyokatazwa na daktari.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kawaida. Alipaka masizi ya taa chini ya reli, akailaza juu ya mgongo wa bunduki, akainua, akatazama. Palipogusa masizi yaliondoka, pasipogusa yalibaki. Akapunguza kwa tupa laini, akarudia, mara kumi hivi, mpaka reli ikagusa kila mahali. Kisha zamu ya pete. Alichukua fimbo ya chuma iliyonyooka yenye unene wa bomba la darubini, akaipaka mafuta yaliyochanganywa na unga wa kusugulia, akaisukuma mbele na nyuma ndani ya pete zote mbili pamoja. Hivyo pete hazina njia ila kukubaliana. Visi akavikaza kwa ncha za vidole, kimoja kimoja kwa kupokezana, na hakuzidisha. Mwishoni alitundika timazi mbali kidogo, uzi wenye jiwe, akazungusha darubini mpaka msalaba wa ndani ukalala juu ya ule uzi. Hilo ndilo wengi wanalopuuza. Msalaba ukiegemea digrii moja tu, ile mita 10 ya kuinua inakwenda upande pia, na kwa yadi 1,000 risasi inaangukia karibu sentimita 18 pembeni. Duara la kumi kwa kundi la F lina upana wa sentimita 25 hivi, kama sahani ya chakula. Kutoka katikati mpaka ukingo si hata 13.

Hapo ndipo binti yake alipoingia na simu.

Dada mkubwa wa fundi alikimbia bonde la Rusizi Februari 2025. Alivuka mto na wajukuu wanne, akalala Rugombo pale uwanjani pamoja na maelfu, kisha akapelekwa Musenyi. Dola 150 za kila mwezi zinatoka kwa mdogo wake huyo. Mama wa namna hiyo akiuliza swali lake, hujibiwi kwa kicheko.

Alimpigia asubuhi ile ile. Alieleza karatasi, shimo, muzee, macho. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Wazungu wanapiga karatasi. Nimesikia. Na hiyo reli, ikitolewa kwa muzee ikawekwa kwa bunduki nyingine, itakataa?" Akajibu kwamba haitakataa. Dada akasema sawa, na mazungumzo yakahamia kwa mjukuu mwenye kikohozi.

Kiangazi muzee alimbeba kwenda Camp Perry. Fundi alikubali kwa ajili ya ziwa. Uwanja uko ufukweni mwa ziwa Erie, na wapigaji wanaelekea majini, karatasi zikiwa mbele na maji nyuma yake. Alikaa mbali, pamba masikioni, mgongo ukiwa kwenye gurudumu la gari. Mlio wa kwanza ulimtikisa, wa ishirini pia. Muzee alipiga vizuri kwa kiasi chake. Risasi zake zilikaa kundi moja, asubuhi na mchana, na zile zilizotoka zilitolewa na upepo.

Kisha mlio ukakoma. Si mmoja, mstari mzima. Makomeo yakafunguliwa, watu wakaketi juu ya mikeka yao, mmoja akafungua mkate. Fundi akafikiri kuna aliyejeruhiwa. Muzee akamwonyesha kwa kidole: mbali sana nyuma ya karatasi, ndani ya eneo la hatari, kulikuwa na boti moja ndogo ya mvuvi aliyepotea njia. Ndiyo desturi ya pale. Boti ikiingia, hakuna anayepiga mpaka itoke. Hata iwe moja. Hata ikiwa hashindani na mtu na anatafuta samaki tu.

Walingoja karibu nusu saa. Fundi alisimama, akatoa pamba masikioni, akaitazama ile boti mpaka ikapotea nyuma ya ncha ya nchi kavu. Muzee alimuuliza kitu, hakusikia.

Reli ile ilisifiwa. Wiki mbili baadaye mwenye karakana akamwita ofisini: duka moja linataka reli mia mbili kama hiyo, za bunduki za aina mbalimbali, na kama ataisimamia kazi hiyo mshahara utaongezeka dola tatu kwa saa. Fundi akauliza ni nani watakaozinunua. Tajiri wake akasema, bila ubaya wowote, yeyote mwenye kulipa.

Alikataa. Alisema ataendelea na pampu, na reli ya muzee ikichakaa ataitengeneza. Mke wake alinyamaza siku mbili. Dola tatu kwa saa, kwa mtu anayefanya kazi saa arobaini kwa wiki, ni karibu dola mia tano kwa mwezi, na wote wawili walijua hesabu hiyo bila karatasi.

Alidhani dada yake atafurahi. Alimpigia Jumapili, akamweleza kila kitu. Kule Musenyi kulikuwa kimya mpaka akadhani mtandao umekatika.

"Umekataa?" dada akauliza.

"Nimekataa, yaya."

"Nilikuuliza swali. Sikukutuma ukatae." Kisha, baada ya muda: "Hema letu limepasuka. Tangu Jumanne tunalala tumekaa."

Kuna watu watakaosema alifanya vema, na wengine watasema ana ujinga wa mtu aliyeshiba. Wote wawili wapo katika familia yake, na pengine wote wawili wamo ndani ya kichwa chake. Mia mbili zile zilichongwa hata hivyo. Kijana mwingine alipewa kazi hiyo, na anafanya vizuri, anakuja kumuuliza habari za masizi.

Muzee naye alikuwa amemlipa dola 200 kwa ajili ya reli, ndani ya bahasha, siku ile ya Camp Perry. Ilikaa juu ya kabati miezi miwili. Hakuitumia, hakuirudisha. Baada ya simu ile ya Jumapili aliichukua, akaenda dukani wanapotuma makuta, akasimama kwenye mstari.

Jumatano dada yake alituma picha. Bashi mbili mpya za buluu zimefungwa juu ya hema, pembe moja imekazwa vibaya, mvua imeanza kukusanya maji katikati. Fundi aliikuza picha kwa vidole, akaitazama ile pembe, akamwandikia mjukuu mkubwa: fungua kamba ya nyuma, shusha kijiti cha kulia mkono mmoja, kisha funga tena.